Kazi ya Ujirani

Nilipoanza kazi ya mitandao jijini Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1990, barua pepe iliyotoka ofisi ya Upanga kwenda ofisi ya Kariakoo, mwendo wa miguu tu, ilipita angani. Kila kampuni ya intaneti ilikuwa na dishi lake, na kila dishi lilitazama setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mtumaji na mpokeaji wakiwa wateja wa kampuni mbili tofauti, ujumbe ulipanda, ukashuka Ulaya au Marekani, ukahamia kwa kampuni ya pili, ukapanda tena, ndipo ukashuka nyumbani. Safari zote hizo tulizilipia kwa dola.

Utafiti wangu wa kwanza ulikuwa kupima safari hizo. Wengi waliamini dawa ni kununua njia pana zaidi, lakini vipimo vilisema vingine. TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya data za intaneti, haitumi kila kitu kwa mkupuo. Hutuma kiasi fulani, hungoja upande wa pili uthibitishe kuwa kimefika, kisha huendelea. Kiasi hicho huitwa dirisha, na katika kompyuta nyingi za wakati ule hakikuzidi baiti 65,535. Kwenda na kurudi kupitia setilaiti moja huchukua zaidi ya nusu sekunde. Ukipiga hesabu utaona kwamba mtu aliyekuwa anapakua faili hakuweza kuvuka megabiti moja kwa sekunde, hata kama njia ilikuwa na megabiti kumi. Wakiwa wawili hapa hapa mjini, kila mmoja na setilaiti yake, walibaki na nusu ya hiyo. Nakala yangu ya makala ya Van Jacobson ya mwaka 1988 kuhusu msongamano ilichakaa kwa kusomwa. Ndiyo iliyonifundisha kuuliza pakiti inangoja nini, kabla ya kuuliza inakwenda wapi.

Jibu lilikuwa kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi. Wenzetu wa Nairobi walifungua chao Novemba 2000. Kikafungwa baada ya wiki chache kwa amri ya mdhibiti, kikarudi mwaka 2002. Sisi Dar es Salaam tulipata chetu mwaka 2004. Kifaa chenyewe hakitishi: swichi, nyaya na ruta za kampuni zinazoshindana zikiwa zimeunganishwa katika chumba kimoja. Kilichokuwa kigumu ni watu kukubaliana. Katika lugha ya itifaki ya BGP, ruta mbili zinazopeana habari za njia huitwa majirani, na vikao vile vilinionyesha kwamba ujirani wa mashine hutanguliwa na ujirani wa wenye mashine. Mhandisi anayedharau kikao hawezi kujenga mtandao.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Julai 2009, ule wa EASSy mwaka uliofuata, na ile nusu sekunde ya kwenda Ulaya ikashuka chini ya robo. Wenzangu kadhaa waliona kazi imekwisha. Mimi nilitaka sasa kujua kinachopita ndani ya njia hizo kinasema nini.

Mwaka 1990 Scott Deerwester, Susan Dumais na wenzao walikuwa wamechapisha mbinu ya kutafuta maana kwa hesabu za matriki: mistari ni maneno, safu ni nyaraka, na kila kisanduku huonyesha neno limetokea mara ngapi. Matriki hiyo ikibanwa mpaka ibaki na pande mia chache, maneno yanayoishi katika mazingira yanayofanana hujikuta karibu, hata kama hayajawahi kukutana katika waraka mmoja. Niliipenda mara moja. Kwa Kiswahili, hata hivyo, haikutosha ilivyokuwa. Analima, tulilima, wanaolimiwa, hawajalima: kompyuta iliyahesabu kuwa maneno manne yasiyojuana, kila moja adimu mno kupata jirani. Hapo nina deni kwa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza tangu miaka ya 1980 kuandika kanuni za kompyuta za kuchambua maneno ya Kiswahili. Mwaka 2017 Piotr Bojanowski na wenzake walichapisha njia ya kujenga vekta ya neno, yaani namba zinazoonyesha mahali pake kati ya maneno mengine, kutokana na vipande vya herufi zake, nasi tukapata nyenzo ya pili. Hiyo haikushtuka ilipokutana na cjui wala xaxa.

Nasema hivyo kwa sababu data zetu zilikuwa jumbe fupi za simu ambazo wakulima walizituma kuomba ushauri. Namba za simu tulizifuta kabla ya mchambuzi yeyote kugusa chochote. Hilo sikulijadili na mtu. Mwaka ule ule wa 2017 viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya bara la Amerika, waliingia katika mashamba ya mahindi nchini. Jina hilo hakuna mkulima aliyeliandika. Mmoja aliandika funza, mwingine viwavi, mwingine alisema tu kwamba moyo wa mmea umeliwa na majani yana matundu. Vekta zilizikusanya jumbe hizo upande mmoja, bila kuambiwa.

Bibi shamba mmoja wa Morogoro, aliyekuwa karibu kustaafu, alikaa na orodha ya jumbe hizo mchana kutwa. Alitenga jumbe zilizotaja kinyesi kama unga wa mbao ndani ya moyo wa mhindi na matundu makubwa majanini. Hizo alisema ni za mgeni. Zilizosema bua limetobolewa kuelekea ndani alizirudisha kwa bungua, aliyemjua tangu ujana. Kwa hesabu zetu makundi hayo yalikuwa jirani mno, karibu kitu kimoja. Tulizichukua alama zake, tukaifundisha upya programu yetu ya kupanga jumbe kwa kuzitumia.

Sasa tunahamia kwenye ujumbe wa sauti, maana wazee wengi hawaandiki. Mabibi na mabwana shamba ndio wanaosikiliza na kuweka alama. Katika kila makala tunayotoa wanatajwa kama waandishi wenza, pamoja na wanafunzi wangu wa uzamili, na wanalipwa kwa kiwango kile kile.