Maneno ya Pua

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Bukavu ni wafanyabiashara, na mfanyabiashara hana muda wa kukariri. Anataka njia fupi. Ndiyo maana niliwaandikia ubaoni sneeze, snore, sniff, snout, snot: kupiga chafya, kukoroma, kunusa, pua ya mnyama, kamasi. Yote yanaanza na sn, yote yanakaa puani. Darasa lilicheka, na hakuna aliyeyasahau.

Kiswahili chetu kinatuandaa kuamini jambo kama hili. Tunasema mtoto, katoto, utoto. Mwanzo wa neno ndio unaobeba habari. Lakini ukiondoa ka- unabaki na -toto, shina zima linalongoja mwanzo mwingine. Ukiondoa sn kwenye sneeze unabaki na mlio mtupu. Kwa hiyo sn si kiambishi. Mwingereza J. R. Firth aliipa mianzo ya namna hii jina mwaka 1930: fonestimu. Sisi tuliofundishwa Saussure, kwamba sauti na maana vimekutana kwa mapatano tu, tunamsoma Firth kwa furaha kidogo ya uasi.

Tena sneeze yenyewe zamani ilianza na fn. Waingereza walipoacha kuanza maneno kwa fn, neno hilo likaishia kwenye sn, kana kwamba ndugu zake wa puani wamelivuta.

Mwanafunzi mmoja, mama anayeleta vitambaa kutoka Kampala, alinionyesha ujumbe kwenye simu. Muuzaji alikuwa anampunguzia bei ya lesi kwa sababu ya snags.

“Mwalimu, lesi ina mafua?”

Alikuwa anatania, lakini pesa zilikuwa za wenzake watatu, na jibu lilitakiwa kabla ya usiku. Nikamweleza: nyuzi zimevutwa, zimetokeza nje ya kitambaa.

“Basi atume picha kwanza.”

Kuna wenzangu wanaosema kanuni inayoacha snake, snow na snail nje ya mlango isifundishwe. Mimi naendelea kuifundisha. Inasaidia kukumbuka neno ulilokwisha kulijua. Kubashiri usilolijua haiwezi. Mama yule ameiandika tofauti hiyo kwa namna yake: daftari lake lina ukurasa wa pua, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, orodha ya yaliyokataa. Snag iko ya kwanza.