Picha ya Mkaa Ukutani

Nililelewa katika kambi ya polisi, hapa Uganda. Mwaka 1997, John Akii-Bua alipofariki dunia, baba yangu, aliyekuwa koplo, alitusimulia jinsi askari polisi huyo alivyoshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia. Asubuhi yake nilichukua mkaa jikoni, nikachora ukutani mkimbiaji aliye juu ya kiunzi. Uso niliompa ulikuwa wangu.

Ukuta ule ulikuwa mali ya serikali. Baba alinichapa, kisha akaniamuru niusugue mpaka utakate. Simlaumu, kwani alikuwa akilinda kazi yake. Lakini hakuniuliza nilichora nini, nami sikuchora tena. Nilisomea ualimu, hatimaye nikaajiriwa ofisini.

Mwezi uliopita binti yangu wa miaka saba alichora nyuma ya barua yangu ya kikazi. Niliinua mkono ili nimpige. Ndipo nikaona rubani mwanamke aliyevaa sare, na uso ni wa binti yangu mwenyewe. Nikaushusha mkono, nikamwuliza, "Mama, ndege hii inakwenda wapi?" Alinieleza mpaka chakula kikapoa.

Barua niliiandika upya usiku ule ule. Ndugu wazazi, mali ya serikali na itunzwe; lakini mtoto naye apewe daftari na kalamu, tena aulizwe alichokichora kabla ya kuadhibiwa.