Kutoka Mferejini Hadi Kijiweni

Kijiji nilichokulia kiko juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa, mahali ambapo asubuhi Mlima Meru ukivua wingu unaiona mpaka mikunjo ya msitu. Maji yetu ya shamba yote yalitoka huko. Hayakuja kwa bomba. Yalikuja kwa mfereji uliochimbwa na mababu, ukachepusha kijito pale ukingoni mwa msitu na kuteremka shamba kwa shamba hadi kwenye mahindi na maharage ya chini. Mfereji wa aina hiyo hauna mwenyewe mmoja, wala hausafishwi na mtu mmoja. Masika yakiisha, tope na mizizi vinaujaza, kingo zinabomoka, na watu wa chini wanaanza kunung'unika kwamba wa juu wanawaibia maji.

Hapo ndipo ulipotangazwa msaragambo. Mjumbe wa nyumba kumi alipita jioni, mlango kwa mlango, akitaja siku, saa na mahali pa kuanzia. Kila nyumba ilitoa mtu mwenye jembe au koleo. Mzee aliyesimamia mfereji alitembea akihesabu hatua, anachomeka kijiti: wewe kuanzia hapa mpaka pale, mwenzako apokee. Ukimaliza kipande chako umemaliza, hakuna wa kukudai zaidi. Kina mama walileta loshoro kwenye masufuria makubwa, na sisi wavulana tuliohesabiwa nusu mtu katika kazi tulihesabiwa mtu mzima katika kula. Asiyetokea alitozwa faini. Asiyelipa faini, zamu yake ya maji ilirukwa.

Nalitaja hilo la mwisho makusudi. Wazee wenzangu siku hizi wanapenda kusimulia enzi zile kana kwamba watu walikimbilia kazi kwa upendo mtupu, halafu wanageuka kuwalaumu vijana. Upendo ulikuwepo, sikatai. Lakini ilikuwepo pia adhabu iliyoeleweka, na zaidi ya yote yalikuwepo maji yenyewe: kazi ikiisha mchana, jioni unayaona yakipita mbele ya nyumba yako.

Baba yangu na wa rika lake walikuwa na kumbukumbu nzito kuliko mfereji. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki na Leguruki ili ardhi ipewe walowezi, nyumba zikachomwa. Watu wakachanga, kila mmoja kwa alichokuwa nacho, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kulisemea jambo lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Hata hivyo, nilipokuwa mdogo sikuwahi kumsikia mzee akijutia mchango wake. Walikuwa wanajua fedha imekwenda wapi, imembeba nani, na amekwenda kusema nini.

Shule nayo ilikuwa hivyo hivyo kwa miaka kadhaa. Azimio la Arusha lilipitishwa mjini kwetu na kutangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kwetu sisi watoto maana yake ilikuwa shamba la shule, mabanda ya kuku na kubeba mawe kutoka mtoni hadi kwenye msingi wa darasa. Ninachokikumbuka zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima walikusanyika kuizunguka redio, wanasikiliza kipindi, kisha kikundi kinajadili na kukubaliana cha kufanya: vyoo vichimbwe, madimbwi yafukiwe, majani yanayozunguka nyumba yafyekwe. Redio ilikuwa Dar es Salaam, ila uamuzi ulikuwa wa kikundi, na watu walianza kuchimba kabla kipindi kinachofuata hakijaanza. Choo cha nyumbani kwetu kilichimbwa mwaka ule, na kaka zangu ndio walioingia shimoni.

Niliposomea ualimu na kuhamia mjini, nilikuta hali nyingine. Arusha ya miaka ya tisini ilikuwa inajaa watu wa kutoka kila pembe: wa biashara ya tanzanite ya Mererani, wa utalii, na baada ya 1994, wa Mahakama ya Rwanda ya Umoja wa Mataifa. Viwanda vilivyowalisha wazazi wa vijana wa mjini vilianza kuyumba. Kijana wa Unga Limited au Ngarenaro alikuwa amepanga chumba. Mwenye nyumba anaishi kwingine, mjumbe hamjui, na mtaro uliopita mbele ya mlango si wake wala si wa baba yake. Mwaka 1994 pia Serikali ilisitisha mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na wahitimu wa kidato cha sita hawakurudishwa makambini hadi 2013. Kambi ya Oljoro iko jirani kabisa na mji, lakini kizazi kizima cha wanafunzi wangu kiliisikia kwa jina la timu ya mpira tu. Kule kijijini nako, nilipokwenda likizo, niliona mabadiliko madogo yenye maana kubwa: mwenye nafasi halimi tena kipande chake cha mfereji, anamlipa kibarua. Kazi ilifanyika. Watu hawakukutana.

Halafu ikaja michango, na hapa ndipo nadhani tulipoharibu zaidi. Mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari ulianza 2004, na baada ya uchaguzi wa 2005 ikasukumwa kwa kasi kwamba kila kata iwe na sekondari yake. Utaratibu ulikuwa wananchi wainue boma, Serikali isaidie kuezeka. Shule zilijengwa, na maelfu ya watoto ambao wasingeiona sekondari waliiona. Atakayesema lilikuwa jambo baya simuungi mkono. Ila namna ya kukusanya ilikuwa mbaya mahali pengi. Katika kata moja ninayoijua, ambayo siitaji, mgambo walipita na orodha alfajiri, asiye na fedha akachukuliwa kiti au kuku. Risiti ilikuwa bahati. Mtoto aliyesimama mlangoni akiangalia kiti cha mama yake kikibebwa kwa jina la maendeleo, leo ana miaka ishirini na kitu au thelathini, na ndiye huyo huyo tunayemshangaa kwa nini hafiki kwenye mkutano wa mtaa.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, na Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, wazazi wengi walishusha pumzi. Wengine walielewa kwamba sasa hata tofali ni la Serikali. Kabla kidogo ya hayo kulikuwa na ile Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa, nchi nzima ikashika fagio. Siku ile Arusha vijana walitoka, nakumbuka vizuri, wakizibua mitaro huku wakicheka. Ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi iwe ya usafi. Baada ya muda, pale ninapoishi, Jumamosi hiyo ikabaki kuwa siku ya maduka kuchelewa kufunguliwa.

Mji wetu una jambo jingine la peke yake. Kwa kuwa Arusha ni lango la mbuga, kila mwaka wanashuka vijana wa Ulaya na Marekani waliokuja kujitolea, wengi wakiwa wamelipa wakala ili wapate nafasi hiyo. Wapo waliofanya kazi ya maana, hasa wenye fani ya tiba. Wapo pia waliopaka rangi ukuta uliopakwa na kundi lililotangulia. Sina ugomvi nao. Kilichonisumbua ni swali la mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, tulipoongelea habari hizi darasani: "Mwalimu, sasa mimi nikitaka kujitolea, nani atanilipia?" Alikuwa hafanyi mzaha. Alichokuwa akikiona tangu utotoni ni kwamba kujitolea ni shughuli ya mgeni mwenye fulana ya rangi moja na wenzake na tiketi ya kurudi.

Na akimaliza chuo anakutana na sura ya pili. Wahitimu wa ualimu wasio na ajira wanafundisha shule za mtaani mwaka hadi mwaka, vipindi sawa na walioajiriwa, kwa posho ya nauli ikipatikana, wakiwa na matumaini ya kukumbukwa. Wanaitwa walimu wa kujitolea. Nimefanya nao kazi, nawaheshimu, na ndiyo maana nakataa kulipamba jambo hili. Ile ni kazi isiyolipwa. Ukimwambia kijana wa namna hiyo "jitolee kwa jamii yako," ana haki ya kukutazama mara mbili.

Hata hivyo, anayesema vijana wa leo hawana moyo angekumbuka Aprili 2024. Mvua kubwa zilipiga, na hapa mjini gari la shule likasombwa na maji likiwa na watoto. Watu wa jirani walijitosa kwenye maji, na miongoni mwa waliokufa siku ile yumo mmoja wa waliojitosa kuokoa watoto. Hakuitwa na mjumbe, hakuahidiwa posho.

Masika hayo hayo maji yaliingia hadi vyumbani mtaani kwetu, kando ya mto Themi. Mtaro mkubwa ulikuwa umezibwa na chupa, nepi na mabaki ya vifusi vya ujenzi. Kamati yetu ya wazee ikatangaza usafi kwa kipaza sauti, Jumamosi saa mbili asubuhi. Tulijitokeza wazee na watoto tu, vijana hawakuja. Jioni yake mwenzangu mmoja wa kamati akasema twende kijiweni kwa bodaboda, tukawaulize wenyewe.

"Shikamoo Mwalimu," akaniamkia kiongozi wa kijiwe.

"Marahaba mwanangu. Mbona mmetutupa?"

"Hatujawatupa, Mwalimu. Mnatuita saa mbili, hiyo ndiyo saa ya abiria. Halafu mnasema usafi. Usafi wa wapi, unaishia wapi? Tukimaliza huu si mtatuambia na ule? Na ile hela ya karavati tuliyochanga mwaka juzi, nani aliishika?"

Mwenzangu alitaka kukasirika. Mimi nilisikia sauti ya wanakijiji wa baba yangu. Maswali yalikuwa yale yale: kazi gani, kipande gani, fedha kwa nani.

Tukakubaliana palepale. Kazi itakuwa Jumapili alasiri. Itaanzia darajani na kuishia kwenye karavati la msikitini, basi. Fedha za makoleo, glavu na chakula atazishika mhasibu wao, kijana anayeuza vocha, na kila risiti itapigwa picha na kutupwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Walitoa sharti moja kwetu: wazee waje na makoleo yao, si na viti. Machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, wana maneno, lakini hapo walikuwa sahihi.

Jumapili ilipofika, mtaro ulipimwa kwa hatua. Sikuwaambia kwamba nimeona hivyo utotoni. Walibuni wenyewe, kwa kuwa kila mtu alitaka kujua mwisho wake uko wapi. Binti wa saluni alikataa kupelekwa jikoni na kina mama, akachukua koleo na kipande chake, akawahi kumaliza kuliko wanaume wawili waliopakana naye. Tulikula ugali maharage tumesimama. Risiti ziliwekwa kwenye grupu kabla ya magharibi, na elfu kadhaa zilizobaki zikatajwa pia.

Nisidanganye kwamba mambo yalikwisha. Mvua iliyofuata ilituletea taka za mtaa wa juu, na ikabidi vijana wapande kuzungumza na vijana wenzao wa huko. Bado wanazungumza. Wa juu na wa chini kugombania mkondo mmoja ni hadithi ya zamani katika miteremko ya Meru.

Wapo wanaopendekeza tuige umuganda wa Rwanda, ambako Jumamosi ya mwisho wa mwezi kazi ya pamoja ni ya lazima kisheria. Wenzetu wamefanikiwa kwa mengi. Lakini sisi tumeshaijaribu lazima, kwa mgambo na orodha, na matunda yake tumeyaona. Faini ya mfereji ilikubalika kwa kuwa kila aliyetozwa aliyatumia maji yale yale.

Kwa hiyo, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu, shehe, mchungaji, mnapotangaza usafi wa mwezi huu tajeni kazi moja na mwisho wake, waacheni vijana washike daftari la fedha, na mje na makoleo. Na wewe kijana wa Sombetini, Sakina, Usa River au Ngaramtoni, ikiwa hakuna aliyekuita, usimngoje mwenyekiti. Mtaro unaopita nyuma ya chumba chako unaujua wewe kuliko yeye. Waite wenzako watano, kisha muwaite wazee, tutakuja.