Lenzi ya Elfu Tano

Uliza mtu yeyote mwenye kamera hapa Nairobi ununue lenzi gani kama mfuko umekauka, na kabla hujamaliza swali atakuwa ameshasema 50mm f/1.8. Si jibu baya. Ni ndogo, ni nyepesi, na inaingiza mwanga wa kutosha kupiga picha jioni bila flashi. Lakini wengi wanaoisifu hupiga marafiki zao wakiwa wamesimama vizuri, nafasi iko, kila mtu ametulia. Mimi nilikuwa naenda Lamu.

Kamera yangu ni Canon 700D, ya mitumba, niliyouziwa bila lenzi. Kihisio chake ni kidogo, kwa hivyo urefu wa fokasi wa kila lenzi unauzidisha kwa 1.6. Ile 50 inakuwa kama 80. Sasa jipeleke kwa vichochoro vya Lamu, pale punda akipita na mzigo unajibana ukutani. Na 80 utarudi nyumbani na picha za masikio ya punda.

Nilikuwa na Sh18,000. Hiyo ni lenzi, basi la kwenda na kurudi, malazi na chakula, yote ndani. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika; kazi hii ilikuwa ya makala na picha, malipo baada ya kuchapishwa. Mama aliposikia hesabu akauliza kama pesa hiyo haingeanza kunirudisha darasani. Nikamwambia haifiki hata nusu ya muhula. Akanyamaza, na kunyamaza kwa Mama mnakujua.

Lenzi niliyoitamani ilikuwa 18-135. Inaona mtaa mzima, halafu ukizungusha inavuta jahazi lililo mbali. Mwenye duka alitaka Sh22,000. "Ni ya mwisho hiyo, boss." Sawa, na Lamu niende kwa miguu?

Nikachukua 18-55, ile inayokuja na kamera mpya na ambayo watu huuza wiki ya pili wakidhani wamekua. Sh5,000. Kwa kamera yangu ni kama 29 hadi 88: kichochoro kinaingia, uso unaingia, sahani ya wali inaingia. Nilimulika ndani kwa tochi ya simu kutafuta ukungu, ule unaoota kwenye vioo kama utando wa buibui. Nikazungusha nikisikiliza kama kuna mchanga. Nikaifunga kwa kamera yangu mwenyewe na kupiga picha kumi hapo mlangoni, mwenye duka akikunja uso. Usinunue lenzi ya mitumba bila kufanya hivyo, hata akiwa binamu yako.

Ubaya wake naujua. Ukiivuta hadi 55 inaishia f/5.6, na ile 50 ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Ina kitulizaji cha kusaidia mkono unaotetemeka, lakini hakitulizi punda anayetembea. Kwa hivyo baada ya Magharibi niliiweka kamera mfukoni nikaenda kula. Kusema kweli, sikuumia.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba 55 haikuruhusu kuiba. Ukiwa na lenzi ndefu unasimama mbali, unachukua uso wa mtu, unaondoka. Lamu watu wamechoka na hilo. Nimeona akina mama wakivuta mtandio wakiona tu kamera. Mimi ilibidi nisogee, na ukisogea hivyo lazima useme neno.

Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, nilimkuta mzee akipigilia mbao. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba. Hakuinua kichwa.

"Wote hupiga. Nani ameniletea?"

"Mimi nitakuletea, mzee."

"Haya. Keti kwanza."

Nilikaa karibu saa nzima kabla sijagusa kamera. Akanieleza mbao, deni la misumari, na kijana wake aliyekwenda Mombasa akakataa ufundi. Picha niliyompiga iko 35, f/5, mikono yake mbele na uso nyuma kidogo.

Malipo ya makala bado hayajaingia. Picha nimeichapisha kubwa, nimeiweka katikati ya kadibodi mbili na kuandika jina lake kwa kalamu nene. Basi la mizigo linaondoka Ijumaa.