Muziki Uliofunikwa na Panga

Mwanafunzi mmoja alituuliza kama kutunga muziki wa sinema ni kazi ya heshima. Tukamjibu upesi, kama wafanyavyo walimu wasiopenda kufikiri, ya kuwa muziki ule ni chumvi ya mchuzi tu, wala hakuna alaye chumvi peke yake. Leo twataka kuyatangua maneno yale.

Siku chache baadaye tulipata kusikiliza sahani iliyotolewa mwaka 2003, ambamo okestra ya Moscow, ikiongozwa na William Stromberg, yapiga muziki wa sinema ya mwaka 1938, The Adventures of Robin Hood. Sinema ile twaijua tangu ujana: Errol Flynn ndiye mpiga mishale wa msituni, awanyang'anyaye matajiri na kuwapa maskini. Lakini siku zote tulisikia maneno ya watu na mshindo wa panga; muziki ulipita chini yake kama maji chini ya mchanga. Katika sahani hii panga zimenyamaza. Tulisikia mabaragumu yakiitana, na fidla zikiimba mapenzi kwa upole. John Morgan ndiye aliyezitengeneza upya karatasi za muziki ili upate kupigwa tena.

Mtunzi wake, Erich Wolfgang Korngold, alikuwa Myahudi wa Vienna, mwenye sifa kubwa tangu utoto. Mwanzo wa mwaka 1938 aliitwa Hollywood. Alipoitazama sinema alikataa kazi, kwa kuwa aliona mapigano yamezidi. Kisha habari za Austria zikawa mbaya, akakubali; na mwezi wa Machi majeshi ya Hitler yakaingia nchini kwake. Mwenyewe alisema ya kuwa sinema ile iliokoa maisha yake. Muziki wake ukapewa tuzo ya Oscar. Alipofariki mwaka 1957 wengi walikuwa wamekwisha kumsahau, hata mwaka 1972 mwanawe George aliposimamia sahani ya muziki wa sinema za baba yake, iliyopigwa London chini ya Charles Gerhardt.

Tulimwita mwanafunzi yule, tukakiri kosa letu, tukamsikilizisha sahani mpaka mwisho. Akauliza, "Mwalimu, na muziki wa sinema nyingine je?" Safari hii hatukujibu upesi.