Mapanga matano

Miaka ile ya MONUC, kila helikopta nyeupe ya aina ya Mi-8 ilipovuka Lualaba kuelekea uwanja wa ndege wa Kindu, somo langu lilikatika. Kijana mmoja alichora chombo hicho katika daftari la katekisimu, akaniuliza marubani hujifunza wapi. Nilimchapa, nikasema kazi ile si ya mtoto wa mkulima. Jioni nikautazama mchoro: mapanga matano juu, matatu mkiani. Mimi mwalimu, niliyesomea ualimu, sikuwa nimeyahesabu kamwe. Kesho yake nilikwenda uwanjani, nikasimama nje ya uzio, nikahesabu. Alikuwa sahihi. Niliporudi na daftari, dawati lake lilikuwa tupu. Daftari ningali nalo.