Kwa Mwanangu wa Mwamgongo, Kuhusu Hiyo Filamu

Sinza, Dar es Salaam

Mwanangu,

 

Mswada wako nimeusoma wote, mpaka pale jambazi mkuu anapopigwa risasi juu ya Daraja la Tanzanite. Mazungumzo unajua kuyaandika, hilo nakupa bila kukupaka mafuta. Lakini hela ya kamera sitakutumia. Usinune kwanza, soma hadi mwisho.

Mswada huu unataka Prado mbili, bastola, jumba la Masaki lenye bwawa la kuogelea, na kikosi kizima cha askari. Wewe uko Mwamgongo, ziwani huko Kigoma, ambako mtu akitaka kupanda gari hupanda kwanza boti hadi Kibirizi. Umeandika filamu ya mtu mwenye pesa, kisha unazitafuta pesa za mtu huyo. Huku mjini wengi wamekwama hapohapo. Katika kazi yangu hii ya kurekodi sauti nimekaa kwenye sebule nyingi za kuazima, sofa bado zina nailoni, waigizaji wamesimama katikati ya zulia wanagombana dakika kumi nzima kwa sababu sebule ndiyo lokesheni pekee iliyopatikana. Nyumba ya kuazima haina ubaya. Ila hadithi nayo ililazimika kuwa ya matajiri ili ifanane na sofa, na hakuna aliyekuwa tajiri pale, hata mwenye nyumba.

Anza upande wa pili. Chukua daftari uandike kila kitu unachoweza kukipata hapo kijijini bure, au kwa kuomba vizuri: mtumbwi wa baba yako, mwalo, njia ya kupanda mlimani, boti ya asubuhi na magunia yake, akina mama wanaoanika dagaa, kibanda cha video, mpira wa jioni. Hadithi itoke humo. Robert Rodriguez, kijana wa Texas, alifanya hivyo alipotengeneza El Mariachi, iliyotoka mwaka 1992. Alikuwa na mbwa, pikipiki, basi na kobe, na vyote vikaingia kwenye hadithi. Ilimgharimu kama dola 7,000, na sehemu ya hizo alizipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Hiyo ya dawa usiige.

Najua utaniambia, "Shangazi, mbona Wakaliwood wanapiga bunduki?" Haya, tumzungumze mwenye Wakaliwood, Isaac Nabwana, maana ni jirani yetu na watu wanamsifia kitu kisicho chenyewe. Alikuwa akifyatua matofali na kuyauza, akaanzisha kampuni yake ya filamu mwaka 2005 mtaani Wakaliga, Kampala. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu inayosemekana ilitumia dola 200 au pungufu. Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu. Damu ilikuwa rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu, nisamehe kukuandikia hivyo, ikafungwa chini ya shati ili ipasuke. Kompyuta ya kuhariri aliiunga kwa vipuri vilivyotumika. Waigizaji walikuwa vijana wa mtaani, na filamu ikiisha walitembeza DVD nyumba kwa nyumba wao wenyewe kabla wezi wa kunakili hawajaamka. Mwaka 2019 filamu yake nyingine, Crazy World, ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto.

Watu wanaona bunduki. Mimi naona mtu aliyejua hasa nani ameketi mbele yake. Watazamaji wa Kampala wamezoea VJ, yule mtu anayefasiri na kutania juu ya filamu, kama marehemu Lufufu alivyokuwa hapa kwetu. Nabwana akamweka VJ Emmie ndani ya filamu yenyewe, anamshangilia kila anayeuawa. Picha ikiwa mbovu, VJ anaicheka kabla hujaicheka wewe. Filamu ile haijifanyi kuwa ya Hollywood hata kidogo.

Halafu bunduki za bati za Wakaliga ni za Wakaliga. Hapo kwetu ni mpakani, Burundi iko pua na mdomo na Kongo ni ng'ambo ya maji. Kijana akionekana mwaloni na kitu kinachofanana na bunduki, amevaa nguo ya mabaka, hakuna atakayemuuliza kama anaigiza. Na hizo nguo za mabaka raia haruhusiwi kuzivaa kabisa.

Sasa nikwambie kinachoniwasha. Ufukwe wetu ni kati ya sehemu zilizopigwa picha mno nchi hii. Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na mwaka 1962 akafuatwa na Hugo van Lawick, mpiga picha Mholanzi. Mikanda yake iliyobaki ilikuwa zaidi ya saa 100, na ndiyo Brett Morgen aliyoitumia kutengeneza filamu ya Jane mwaka 2017. Sokwe wa pale wana majina dunia nzima. Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilimwandikia tanzia. Simlaumu mtu: walifuata sokwe, na wakawapiga picha vizuri. Lakini toka kwenye mpaka wa hifadhi ulio kusini mwenu, tembea kidogo tu, unaingia kwenye kijiji kilichojaa watu, na hakuna tanzia ya hata mmoja wao iliyofika London. Wewe umezaliwa humo, unajua nani anamdai nani na nani hasalimiani na nani, halafu unaniletea Daraja la Tanzanite!

Ngoja nikupe mfano mmoja, si lazima uutumie. Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Ulikuwepo, mimi sikuwepo. Baba anaamka usiku kwa mazoea na hana pa kwenda. Mama ndiye anayejua deni la dukani limefika ngapi. Kijana wa jirani anaanza kuonekana na dagaa wabichi na hakuna anayemuuliza kawatoa wapi. Hiyo ni filamu ya dakika ishirini: nyumba moja, mtumbwi mmoja uliopinduliwa mchangani, watu wanne. Sema kampuni yoyote ya Dar ije iitengeneze. Itatumia mamilioni na bado wazee wa hapo watacheka wakisikia waigizaji wanavyoongea.

Panga kazi kwa mwezi. Unajua kuliko mimi kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawashuki ziwani, kwa kuwa taa haivuti kitu. Siku hizo wanaume wako nyumbani, mitumbwi iko nchi kavu na taa zimekaa bure. Ndizo siku zako za kushuti. Taa za sola za kuvulia ndizo taa zako za filamu: weka moja mbali kidogo pembeni ya mtu, usimmulike usoni, na ukutani utundike shuka jeupe lirudishe mwanga upande wa pili. Zijaribu kwanza, kwani nyingine jicho haliuoni mchezo wake lakini kwenye video zinapepesa mistari. Karabai la zamani lina mwanga mzuri zaidi, wa dhahabu, tatizo linavuma, na mvumo ule hauondoki kwenye sauti hata uusugue vipi.

Sauti ndiyo kazi yangu, kwa hiyo hapa utanivumilia. Simu uliyonayo inatosha kwa picha. Sean Baker alipiga Tangerine, ya mwaka 2015, kwa iPhone, na ikaoneshwa kwenye majumba ya sinema. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza. Mazungumzo asipoyasikia anainuka na kwenda zake. Ziwa halinyamazi: kuna mawimbi, upepo wa kiangazi, mashine za boti. Kwa hiyo tumia simu mbili. Moja inapiga picha. Ya pili ina maiki ndogo ya kubana shatini na imo mfukoni mwa mwigizaji, imewekwa hali ya ndegeni asije akapigiwa katikati ya kilio. Maiki ifunike kwa kipande cha sponji kuzuia upepo. Kila unapoanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Ukija kuhariri, kofi la kwenye picha na kofi la kwenye sauti unayalinganisha. Na kila mahali mnapomaliza, wanyamazishe wote mrekodi dakika moja ya pale palivyo, mawimbi na kuku na kila kitu. Watakuona umerukwa na akili. Dakika hiyo ndiyo itaziba mashimo yote utakapokuwa unakata.

Kila jioni hamishia kazi ya siku sehemu mbili, na sehemu moja isilale nyumbani kwako. Nabwana alifuta faili za Captain Alex ili apate nafasi ya filamu zilizofuata. Leo filamu yake maarufu kuliko zote imebaki ile nakala iliyotoka kwenye DVD tu.

Vibali usivikwepe. Nenda kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha afisa utamaduni wa halmashauri atakuelekeza kwa Bodi ya Filamu. Kwa sheria ya mwaka 1976 filamu inahitaji kibali kabla ya kupigwa, na kukaguliwa kabla ya kuoneshwa. Gombe usiingie na kamera kabisa, kule ni TANAPA na bei zao si zako.

Ikikamilika usikimbilie kuileta Dar. Ionesheni hapo kibandani, ukae nyuma uangalie watu wanachoka wapi, ukaikate tena. Kisha fikiria ziwa. Kiswahili chako kinaeleweka Bujumbura, Uvira, Baraka mpaka Kalemie, na flashi inasafiri kwenye boti ileile inayobeba dagaa. Bujumbura wana tamasha lao, Festicab, aliloanzisha Léonce Ngabo mwaka 2009; ndiye aliyetengeneza Gito l'ingrat mwaka 1992. Goma nako lilianzishwa la kwao, lililotokana na kituo cha utamaduni cha Yole!Africa. Zanzibar kuna ZIFF tangu miaka ya tisini. Kwangu mimi Bujumbura ni jirani yako kuliko Zanzibar, hata kama ndugu zako wa mjini watapenda picha za Ngome Kongwe.

Nitakachogharimia ni viwili. Maiki mbili za kubana, pamoja na sponji, nimempa mtu anayekuja Kigoma kwa treni. Ataziacha Ujiji kwa bibi yako mdogo. Cha pili ni chakula cha waigizaji siku zote za kazi: ugali, migebuka, chai ya asubuhi yenye sukari ya kutosha. Usimwite mtu aigize bure kisha umrudishe na njaa, hasa hao wazee. Niandikie idadi ya watu kabla sijatuma.

Nitumie orodha ya vitu kwanza, mswada baadaye. Na muulize baba yako kama mtumbwi utapatikana siku za mbalamwezi. Akikataa usibishane naye, hadithi ianzie nchi kavu.

Wasalimie wote.

Shangazi yako